Je, Wajua? Mama Mmoja, Mikoa Mingi: Barabara ya Mafinga

Je, wajua kwamba kutoka Mafinga hadi Igawa ni kilomita zipatazo 138 tu, lakini abiria anakanyaga mikoa mitatu? Anaondoka Iringa, anaingia Njombe kabla ya Makambako, na chai yake ya chupa haijapoa anakuta yuko Mbeya. Babu yake aliyepita njia hiyohiyo mwaka 1955 hakuvuka mpaka wa namna hiyo hata mmoja. Enzi zake kote huku kulikuwa jimbo moja, Jimbo la Nyanda za Juu Kusini.

Basi likiwa kwenye mwendo, kibao cha mpaka kinapita dirishani kufumba na kufumbua. Mimi niliwahi kusimama mbele ya kimoja kwa miguu, asubuhi ya Juni, ukungu umelala juu ya misonobari na vidole vimekufa ganzi. Rangi ilikuwa imebanduka pembeni, na kwenye nguzo mtu alikuwa amebandika tangazo la mganga. Nikakisoma mara mbili. Kilinikaribisha mkoani, basi. Mkoa umezaliwa lini, umezaliwa na nani, ndugu zake ni akina nani, hakuna neno. Ndiyo maana ya ukurasa huu wote.

Je, wajua kwamba neno "jimbo" lenyewe limehama? Kabla ya Uhuru, jimbo lilikuwa eneo kubwa la utawala, na Tanganyika nzima majimbo yake hayakufika kumi. Baada ya Uhuru yakagawanywa kuwa mikoa, na jina la jimbo likabaki kwa eneo la mbunge. Kwa hiyo mzee wa Mufindi akikwambia "nilizaliwa jimbo la Nyanda za Juu," na mjukuu wake akisema "sisi tuko jimbo la Mafinga Mjini," neno ni moja, ila la mzee lilifika mpaka Ziwa Nyasa na la mjukuu linaishia kwenye kata tisa.

Je, wajua kwamba kwa mujibu wa sensa, Mkoa wa Iringa "ulipoteza" watu zaidi ya laki tano na nusu katika miaka kumi? Mwaka 2002 walihesabiwa 1,495,333. Mwaka 2012 wakahesabiwa 941,238. Hakukuwa na njaa, hakukuwa na vita. Mnamo Machi 2012 Njombe ilikuwa imetangazwa kuwa mkoa, ikaondoka na watu wake 702,097. Ukijumlisha hesabu hizo mbili za 2012 unapata 1,643,335, yaani watu walikuwa wameongezeka kama kawaida, wamegawana daftari tu. Mwanafunzi anayechora grafu ya Iringa bila kulijua hili ataandika habari ya msiba ambao haukutokea.

Mbeya nayo ilipitia hayohayo. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 2,707,410. Mwaka 2022 ikawa na 2,343,754. Waliopungua hawakuhama hata nyumba. Waliamka siku moja wakaitwa watu wa Songwe.

Je, wajua kwamba Iringa ilikuwa na ufukwe? Mpaka 2012, Ludewa ilikuwa wilaya ya Iringa, na Ludewa inateremka mpaka Ziwa Nyasa, kwenye bandari ndogo kama Manda na Lupingu. Njombe ilipoondoka iliondoka na ziwa. Leo Mkoa wa Iringa umebaki na wilaya tatu, Iringa, Kilolo na Mufindi, na samaki wa Nyasa anafika sokoni Mafinga akiwa mgeni kutoka mkoa jirani.

Je, wajua waliozaliwa siku moja na Njombe? Ni Geita, Katavi na Simiyu. Mapacha wanne, mwaka 2012, na kila mmoja ana mama yake.

Hapo kwa Katavi ngoja tukae kidogo, kwa sababu nasaba yake inachanganya hata walimu. Mwaka 1974 uliundwa Mkoa wa Rukwa. Sumbawanga ilitolewa Mbeya, Mpanda ikatolewa Tabora, zikaunganishwa. Kwa hiyo Rukwa ana wazazi wawili. Mwaka 2012 Mpanda ikatolewa Rukwa ikawa kiini cha Katavi. Kwa karatasi Katavi ni mtoto wa Rukwa na mjukuu wa Mbeya. Kwa ardhi, Mpanda ni damu ya Tabora iliyolelewa Rukwa. Mtu aliyezaliwa Sumbawanga mwaka 1968 ana haki kabisa ya kusema amezaliwa Mkoa wa Mbeya, na cheti chake kitamuunga mkono.

Je, wajua kwamba uwanja wa ndege wa Songwe hauko Mkoa wa Songwe? Uko Mkoa wa Mbeya. Ulianza kupokea ndege Desemba 2012, miaka mitatu na ushee kabla mkoa wenye jina hilo haujazaliwa. Mkoa wa Songwe ulitangazwa Januari 2016, makao yake makuu yakawekwa Vwawa. Jina lenyewe ni la mto, na mto Songwe ndio unaoshika mpaka wetu na Malawi kabla haujamwaga maji Ziwa Nyasa. Tena ndani ya Mkoa wa Songwe kuna Wilaya ya Songwe, iliyomegwa kutoka Chunya, makao yake Mkwajuni. Mto, uwanja, wilaya na mkoa, vinne jina moja. Ukimwagiza mgeni "tukutane Songwe," mwongezee neno la pili.

Je, wajua kuhusu jiwe lililohama mkoa bila kusogezwa hata inchi moja? Kimondo cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Ukikigonga kwa ukucha kinatoa sauti ya chuma, na ukikigusa mchana wa jua kinaunguza kiganja kama sufuria. Watu wa Unyiha walikuwa wakiishi nacho muda wote. Dunia ya vitabu ilikuja kukisikia mwaka 1930. Vitabu vilivyochapwa zamani vinasema kiko Mkoa wa Mbeya, na havikudanganya. Tangu 2016 kiko Songwe. Ningependa siku moja waandike hivyo palepale kando yake: kilikuwa Mbeya, sasa ni Songwe, na chenyewe kilitoka angani.

Je, wajua kwamba Mbeya ni mtoto wa dhahabu? Miaka ya 1920 dhahabu ilipatikana Lupa, upande wa Chunya, watu wakamiminika kutoka kila pembe, na mji wa Mbeya ukakua chini ya mlima Loleza kuhudumia msafara huo. Kabla ya hapo, mji mkubwa wa serikali upande huo ulikuwa Tukuyu. Na Tukuyu nayo ilikuwa na jina jingine: Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, yaani Langenburg mpya, kwa sababu Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Jina lilitoka kwa ukoo wa mtawala wa Kijerumani, Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa kiongozi wa chama cha ukoloni cha nchi yake. Waingereza walilifuta. Lakini boma la Wajerumani limebaki na kuta zake, na kazi za halmashauri ya Rungwe zimeendelea kufanyika humo.

Rungwe ni mama anayestahili heshima zaidi ya anayopewa. Kyela ilitoka kwake. Ileje ilitoka kwake, na leo Ileje iko Songwe, kwa hiyo watoto wa nyumba moja wanaripoti kwa wakuu wa mikoa wawili tofauti. Ukienda msibani upande wowote kati ya hizo pande mbili, "ndaga", asante ya huko, utaisikia kotekote.

Je, wajua asili ya jina Mbeya? Simulizi inayotajwa sana inalihusisha na chumvi: wafanyabiashara walikuja kubadilishana mazao kwa chumvi, na neno la chumvi, ibeya, likashika mahali. Njombe nayo wenyewe husimulia mti uliosimama karibu na boma la zamani. Makambako? Kwa Wabena na Wahehe, kambako ni fahali, na ni jina la sifa kwa mwanamume shupavu. Makambako ni mafahali. Simama pale njia panda saa moja usiku, malori ya Songea yakikata kona na ya Tunduma yakipiga honi, utaona jina halijachuja.

Je, wajua Iringa maana yake nini? Ngome. Kwa Kihehe lilinga ni boma lenye ukuta, na ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, makao ya Mkwawa, Mtwa yaani mtawala wa Wahehe. Wajerumani waliivunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Miaka miwili baadaye wakaanzisha mji mpya juu ya kilima, karibu na mwamba uitwao Gangilonga, wakauhamishia jina. Iringa ya leo basi ni mji uliochukua jina la mji mwingine, na mji wenye jina hilo kwa haki ukabaki kijiji.

Ganga, kwa Kihehe, ni jiwe. Gangilonga ni jiwe linaloongea. Tosamaganga, kule kwenye misheni maarufu, ni kutupa mawe. Anayepita Iringa akiyajua hayo mawili anaanza kusikia nchi inavyojieleza yenyewe, bila kibao.

Vibao havisimulii historia; na mnara wa kumbukumbu je? Huu upo, ni wa kweli, na uko karibu na barabara kuu. Je, wajua kwamba mnara mmoja wa zamani kabisa kando ya barabara hii ulijengwa na walioshindwa?

Uko Lugalo, upande wa mashariki wa mji wa Iringa ukitokea Ilula. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpachika jina la Nyundo, kilikuwa kinapita hapo kwa mstari mrefu, askari mmoja nyuma ya mwenzake, bunduki nyingi hazina risasi ndani, mizinga ya rashasha ikiwa bado mizigo. Wahehe walikuwa wamelala kwenye majani na nyuma ya mawe. Ikatolewa ishara, wakainuka na mikuki. Zelewski mwenyewe alikufa hapohapo, na pamoja naye Wajerumani wengine, wote jumla kumi, na mamia ya askari na wapagazi wao. Mapigano makuu yalikwisha kwa muda ambao leo mpishi wa Mafinga anautumia kukaanga chipsi yai.

Wahehe nao walipoteza watu wengi siku ile. Lakini mnara ni wa Wajerumani, uliwekwa kuwakumbuka wao. Nimekaa chini yake mchana mmoja, majani makavu yanakwaruza suruali, nikitazama bonde ambako msafara ule ulikuwa unaelekea, na sikuweza kuacha kuwaza habari za wale waliolala kwenye majani, ambao walikuwa wakulima na wafugaji wenye majina, wenye mama, na ambao kizazi chao ndicho kinachouza vitunguu na nyanya pale Ilula kila basi likisimama. Kama kuna mahali pa kuweka jiwe la pili, ni pale.

Je, wajua kwamba Lugalo ya Dar es Salaam, kambi na hospitali ya jeshi, imechukua jina kwenye bonde hilihili? Kambi ile zamani iliitwa Colito. Baada ya Uhuru ikapewa jina la ushindi wa Wahehe. Maelfu wanashuka daladala pale kila siku wakitaja jina la vita ya Iringa.

Je, wajua kwamba fuvu la mtu wa Iringa limeandikwa kwenye mkataba uliomaliza Vita vya Kwanza vya Dunia? Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, akikataa kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kwenye ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo katika miezi sita. Ilichukua miaka 35. Lilitambuliwa kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining akalikabidhi Kalenga, ambako lipo mpaka leo. Aliyelipokea alikuwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mjukuu huyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kuanzia 1962 hadi 1973, na tena kuanzia 1975 hadi 1994.

Je, wajua kwamba mpaka wa Mufindi na Mbarali si wa jana? Upande huu Uhehe, upande ule Usangu, nchi ya machifu akina Merere. Karne ya kumi na tisa pande hizi mbili zilipigana vizazi kwa vizazi. Baba yake Mkwawa, Munyigumba, alipigana na Wasangu, na mwanawe akaendeleza. Mkoloni alikuta uhasama, akautumia, na alipochora mistari yake kwenye ramani mingi ilipita karibu na makovu hayo. Mbarali ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbeya hadi mwaka 2000 ilipopata wilaya yake, makao Rujewa. Siku hizi kinachovuka mpaka ule ni mchele wa Usangu kwenda na viazi na mbao kurudi.

Je, wajua mama wa Kilolo? Iringa Vijijini, mwaka 2002. Wa Wanging'ombe? Njombe, 2012.

Je, wajua mkoa unazaliwaje? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 2, inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengine kwa utaratibu wa sheria. Lakini kabla karatasi haijafika kwake, hoja inatakiwa kuanzia chini: mkutano wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa. Kote huko wanabishana mambo mawili makubwa, jina na makao makuu. Mwisho linatoka tangazo kwenye Gazeti la Serikali, kurasa chache za maandishi madogo. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa. Wakazi wengi wa mkoa hawajawahi kukiona, na sioni kwa nini nakala yake isibandikwe hata kwenye ukuta wa stendi.

Je, wajua kuna wakati halmashauri za wilaya hazikuwepo kabisa? Mwaka 1972 zilifutwa, madaraka yakapelekwa mikoani chini ya wakuu wa mikoa. Zilirudi mwaka 1984. Kwa miaka hiyo kumi na miwili mkoa ndio ulikuwa kila kitu, na ndiyo sababu wazee wa rika fulani ukiwauliza kwao wanataja mkoa kwanza, kijiji baadaye.

Majirani zetu wanagawana kwa namna zao. Kenya, kwa katiba ya 2010, ilifuta mikoa yake minane na kuweka kaunti 47. Uganda imezidi wilaya 130. Sisi tuna mikoa 31, bara na visiwani.

Je, wajua kwamba barabara hii ina umri mkubwa kuliko lami yake, tena mkubwa kuliko mikoa yote inayoipita? Ilikuwa kipande cha ile Njia Kuu ya Kaskazini ya Waingereza, ndoto yao ya kwenda kwa gari toka Cape Town hadi Cairo: Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Arusha, mbele kwa mbele. Halafu Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, Zambia ikabanwa njia ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita huku kwenye udongo na matope. Madereva waliiita njia ya jehanamu, kwa sababu malori yalikuwa yakiteleza, yakipinduka, yakiwaka. Bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa 1968. Lami ikafuata, ikakamilika miaka ya mwanzo ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa 1976, ikapanda milima kutoka Mlimba na kutokea Makambako. Ndani ya miaka kumi na moja, bomba, lami na reli. Makambako ilipata reli na njia panda. Mafinga ikapata malori na msitu.

Je, wajua kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuna watoto Wapoland waliojifunza kusoma Ifunda? Ifunda iko kati ya Iringa na Mafinga. Wakimbizi wa Kipoland waliofukuzwa makwao na kupelekwa Urusi, kisha wakapitia Uajemi, walianza kufika Tanganyika mwaka 1942, na kambi zao mbili zilikuwa huku nyanda za juu: Ifunda na Kidugala. Wengine kwenye nyaraka zao wameandika kwamba walikulia "Iringa". Nao ni watu wa barabara hii.

Je, wajua kwamba kwenye barabara hiyohiyo, kilomita kama 20 kutoka Iringa, kuna korongo lenye mashoka ya mawe ya watu walioishi kabla hakujawa na Uhehe, wala Ubena, wala lugha yoyote tunayoijua? Ni Isimila. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Johannesburg aliyekuwa safarini aliokota mawe akayatambua. Ukiingia korongoni unakuta nguzo ndefu za udongo zimesimama kama watu wanaosubiri gari. Chukua shoka moja mkononi, ukiruhusiwa: uzito wake unakaa sawasawa kwenye kiganja, makali upande mmoja, na unatambua aliyelichonga alikuwa na mkono kama wako. Yeye hakuwa na mkoa.

Basi turudi Mafinga.

Je, wajua kwamba Mafinga iliwekwa kuwa Halmashauri ya Mji mwaka 2015, na sensa ya 2022 ikakuta watu 122,329? Mufindi yenyewe, wilaya iliyouzaa mji huu, ina watu 288,996 nje ya mji. Mafinga ni makao makuu ya wilaya, ni kambi ya JKT ambayo vijana wa nchi nzima wameionja baridi yake, ni mlango wa mashamba ya chai ya Mufindi, na ni jirani wa Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, zaidi ya hekta laki moja. Mbao za Mafinga zimepaua nyumba Dodoma na Dar es Salaam. Nguzo za umeme zinazosimama vijijini mikoa ya mbali zilikaushwa na kutiwa dawa hapa. Mufindi kuna hata mji mdogo uitwao Kibao.

Mbao zote hizo, na Mafinga haijapata ubao mmoja wa kumwambia msafiri habari hizi. Basi likisimama, abiria wana muda wa kununua mahindi ya kuchoma, viazi, soda, na msimu wa mvua dumu la ulanzi mtamu uliogemwa alfajiri, povu bado linapanda shingoni. Wanasimama wakinyoosha miguu, wanatazama huku na huku. Wangesoma. Mtu aliyesimama bila kazi kando ya barabara husoma chochote, hata tangazo la mganga.

Naona ubao wenyewe. Mpingo haufai, si wa huku, msonobari utaoza, mkaratusi uliotiwa dawa utadumu. Uwekwe kimo cha mtoto wa darasa la nne. Herufi zichongwe, zisipakwe rangi tu. Na maneno yawe haya:

"Kamwene, msafiri. Umesimama Mafinga, Wilaya ya Mufindi. Kaskazini yako ni Iringa, jina la ngome ya Kalenga. Kusini ni Njombe, iliyotoka Iringa mwaka 2012 na ziwa lake. Magharibi ni Mbeya ya dhahabu, iliyotoa Sumbawanga kwa Rukwa mwaka 1974, ikaizaa Songwe mwaka 2016. Mashariki, milima ikishuka, ni Kilombero ya Morogoro. Iringa na Mbeya zilitoka jimbo moja, Nyanda za Juu Kusini."

Chini ya mstari wa mwisho fundi aache nafasi tupu, upana wa kiganja, ya mkoa utakaofuata.